SOMO LA UTUMISHI: Rufaa za Askari Wastaafu wa Marekani kwa Maradhi ya Shingo na Uti wa Mgongo

(Kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote)

1. UTANGULIZI

Katika Kiswahili, fedha anazopewa mtumishi anapomaliza muda wake wa kazi huitwa kiinua mgongo. Jina hilo lina busara yake: mtu aliyeinama miaka mingi akitumikia hupewa kitu cha kumwezesha kujinyoosha. Wapo hata hivyo watumishi ambao mgongo wenyewe ndio waliouacha kazini. Miongoni mwao ni askari waliobeba mizigo mizito, walioruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege, au waliorushwa na mlipuko wakiwa ndani ya magari.

Somo hili linachambua namna nchi moja, Marekani, inavyoshughulikia madai ya askari wa aina hiyo, na hasa namna rufaa zao zinavyosikilizwa. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, sheria zake katika jambo hili zimeandikwa kwa urefu na hukumu zake hutangazwa, hivyo mwanafunzi wa utumishi anaweza kuona hatua kwa hatua wapi dai linakwama na wapi linakwamuka. Pili, watu wa nchi nyingine wenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani huruhusiwa kujiunga na majeshi yake, na fidia ya ulemavu hulipwa hata kwa mstaafu anayeishi nje ya nchi hiyo. Kwa hiyo mada hii haiko mbali na familia zenye ndugu huko.

Jambo moja linasisitizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Dai la mgongo mara nyingi halikwami kwa kukosa maumivu. Hukwama kwa kukosa maandishi yanayounganisha maumivu ya leo na utumishi wa jana. Na uamuzi usioeleza sababu, uwe wa daktari au wa afisa, haujakamilika.

2. VYOMBO VINAVYOHUSIKA

Chombo kikuu ni Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu, ambayo katika somo hili itaitwa Idara. Ilianzishwa mwaka 1930 ikiwa mamlaka ya kawaida ya Serikali, na mwaka 1989 ikapandishwa kuwa idara yenye hadhi ya wizara. Ndani yake imo Bodi ya Rufaa za Askari Wastaafu, iliyoundwa mwaka 1933. Kwa muda mrefu uamuzi wa Bodi ulikuwa ndio mwisho wa safari, kwani kwa kawaida mstaafu hakuweza kuupeleka mahakamani. Sheria ya mwaka 1988 ilibadili hali hiyo kwa kuunda mahakama maalum ya kusikiliza rufaa za madai haya. Tangu hapo maafisa wa Idara wamelazimika kuandika uamuzi wakijua kwamba upo uwezekano wa kusomwa na hakimu.

3. MWILI NA KAZI YA ASKARI

Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake zimo pingili zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Baina ya pingili nyingi vimo visahani laini vinavyopunguza mtikisiko. Kando yake hutoka mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi na miguuni. Kisahani kikitoka mahali pake, au pingili ikisagika, mshipa hubanwa; ndipo mtu wa maradhi ya shingo hulalamika ganzi vidoleni, na mtu wa maradhi ya kiuno hulalamika moto unaoshuka hadi kwenye unyayo.

Jeraha la aina hii halitoi damu. Askari aliyetua vibaya kwa mwavuli hupewa vidonge, huambiwa apumzike siku mbili, na siku ya tatu yupo tena kwenye mstari. Wengi hawalalamiki, ama kwa kuwaonea haya wenzao, ama kwa kuhofia kuzuiwa kupanda cheo. Anapomaliza muda wake huulizwa kama ana tatizo lolote. Naye, akitamani kurudi nyumbani, hujibu hana. Miaka ishirini baadaye hawezi kuinama kufunga viatu. Wahenga wamesema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Lakini afisa anayeshika jalada hana budi kuijua kwa njia ya ushahidi.

4. NGUZO TATU ZA DAI

Ili dai likubaliwe, mstaafu anatakiwa kuthibitisha mambo matatu:

(a) kwamba ana maradhi au ulemavu hivi sasa;

(b) kwamba palitokea jeraha, maradhi au tukio wakati wa utumishi;

(c) kwamba upo uhusiano baina ya hayo mawili.

Nguzo ya kwanza huthibitishwa na daktari kwa uchunguzi na picha za mionzi. Ya pili huthibitishwa na kumbukumbu za jeshi au maelezo ya watu. Ya tatu ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu inataka maoni ya mtaalamu. Daktari hatakiwi kuapa kwamba ana yakini. Anatakiwa kusema kama uwezekano wa maradhi kutokana na utumishi ni angalau sawa na uwezekano wa kutotokana nao. Ushahidi wa pande mbili unapokaribia kulingana uzito, sheria inaamuru shaka iliyobaki imfae mstaafu. Mizani ikisimama sawa, haki ni yake.

Zipo pia njia za pembeni ambazo mdai na afisa wote hupaswa kuzikumbuka. Maradhi ya baridi yabisi ya maungo yakijitokeza kwa kiwango cha kulipwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, huhesabiwa kuwa yametokana na utumishi. Ulemavu uliosababishwa au kuzidishwa na ulemavu mwingine uliokwisha kukubaliwa nao hulipwa. Mfano ni goti bovu lililomfanya mtu achechemee hadi kiuno kikaharibika. Aidha, askari ambaye hakuandikwa kuwa na kasoro alipopimwa siku ya kuingia jeshini huchukuliwa kwamba aliingia akiwa mzima, na ni juu ya Idara kuthibitisha kinyume chake kwa ushahidi wa wazi usio na utata.

5. MFANO WA KUFUNDISHIA

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili tu. Askari mmoja alitumikia kikosi cha miavuli kuanzia 1983 hadi 1987. Mwaka 1985 alitua vibaya. Katika kitabu cha zahanati ya kambi imeandikwa sentensi moja kwamba ameteguka shingo na kiuno na amepewa dawa. Siku ya kuondoka alisema yu mzima. Baadaye alifanya kazi ya kupakia mizigo, akanunua dawa za maumivu dukani, na hakwenda hospitali kwa miaka mingi. Mwezi Machi 2021 alipeleka dai. Mwezi Agosti mwaka huo alijibiwa kwamba dai limekataliwa. Daktari wa Idara alikuwa ameandika kuwa hakuna matibabu yaliyoonekana baada ya 1985, na kwamba mgongo wa mtu wa umri wake huchakaa wenyewe.

Msomaji aliweke jibu hilo akilini, kwani makosa yake yataelezwa mbele.

6. KUMBUKUMBU NA USHAHIDI WA WATU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana mfano mkubwa wa methali hiyo katika jambo hili kuliko moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika jengo la kumbukumbu za watumishi wa jeshi karibu na mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Majalada baina ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Miongoni mwake yalikuwa takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi baina ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hapakuwa na nakala nyingine mahali popote. Wazee waliopigana vita viwili vya dunia na vita vya Korea wakabaki na makovu yasiyo na karatasi.

Mahakama ilisema mwaka 1991 kwamba pale kumbukumbu zinapopotea zikiwa mikononi mwa Serikali, wajibu wa Serikali wa kueleza sababu za uamuzi wake na kufikiria shaka kwa faida ya mdai huwa mkubwa zaidi. Hali kadhalika, mwaka 2006 iliamuliwa na mahakama ya juu zaidi ya rufaa kwamba maelezo ya mstaafu hayawezi kukataliwa kwa sababu tu hayakuandikwa hospitalini wakati ule. Mtu asiye daktari hawezi kutaja kwa yakini jina la maradhi yaliyo ndani ya pingili, lakini anaweza kueleza alichokiona na alichokihisi: kwamba alianguka, kwamba alishindwa kunyanyuka, kwamba maumivu hayajakoma tangu siku ile. Mke anaweza kueleza kwamba tangu mumewe arudi jeshini hulala sakafuni. Mwenzake wa kikosi anaweza kuandika kwamba ndiye aliyembebea mkoba wake siku ya ajali. Maelezo hayo ni ushahidi, na afisa anatakiwa ama ayakubali, ama aeleze kwa nini hayaamini.

7. NYUZI NA ASILIMIA

Uhusiano ukikubaliwa, hufuata suala la kiwango. Tangu Septemba 2003 maradhi ya uti wa mgongo yamekuwa yakipimwa kwa kanuni moja ya jumla, ambayo msingi wake ni kiasi gani mtu anaweza kujongea. Daktari hutumia kifaa cha kupimia pembe. Shingo nzima huinama mbele hadi nyuzi 45. Kiwiliwili, yaani kifua na kiuno kwa pamoja, huinama mbele hadi nyuzi 90.

Kwa shingo:

– zaidi ya nyuzi 30 lakini si zaidi ya 40: asilimia 10;
– zaidi ya nyuzi 15 lakini si zaidi ya 30: asilimia 20;
– nyuzi 15 au pungufu: asilimia 30.

Kwa kifua na kiuno:

– zaidi ya nyuzi 60 lakini si zaidi ya 85: asilimia 10;
– zaidi ya nyuzi 30 lakini si zaidi ya 60: asilimia 20;
– nyuzi 30 au pungufu: asilimia 40.

Ikiwa pingili zimeganda kabisa katika mkao mbaya, kiwango ni asilimia 40 kwa shingo yote, 50 kwa kifua na kiuno chote, na 100 kwa uti wote wa mgongo. Vipo vigezo vingine, kama vile jumla ya mijongeo yote na kukaza kwa misuli kunakobadili mwendo wa mtu. Maradhi ya visahani yanaweza pia kupimwa kwa wiki ambazo daktari alimwamuru mgonjwa alale kitandani katika kipindi cha miezi 12. Wiki sita au zaidi ni asilimia 60. Hutumika njia yenye faida kubwa kwa mstaafu.

Mambo mawili husahauliwa mara kwa mara. La kwanza ni mishipa ya fahamu: ganzi ya mguu au mkono, na kushindwa kuzuia haja kunakotokana na uti wa mgongo, hupimwa peke yake na kuongezwa. La pili ni kwamba asilimia hazijumlishwi kama hesabu ya sokoni. Kila ulemavu huhesabiwa katika sehemu ya mwili iliyobaki nzima. Mwenye asilimia 40 za kiuno amebakiwa na 60. Asilimia 20 za shingo zikitolewa katika 60 hiyo ni 12, jumla 52. Asilimia 10 za mguu zikitolewa katika 48 iliyobaki, jumla hufika takriban 57. Idadi hiyo hupelekwa kwenye kumi iliyo karibu, nayo ni 60, ingawa kwa kujumlisha kwa kawaida ingekuwa 70.

8. NJIA TATU ZA RUFAA

Sheria ya kurekebisha rufaa ilipitishwa Agosti 2017 na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019. Aliyekataliwa, au asiyeridhika na kiwango alichopewa, ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuchagua njia moja katika hizi:

(a) Dai la nyongeza. Huambatana na ushahidi mpya unaohusika na jambo linalobishaniwa. Idara hubaki na wajibu wa kumsaidia mdai kuutafuta.

(b) Mapitio ya afisa wa ngazi ya juu. Ushahidi mpya haupokewi. Afisa mwingine mwenye uzoefu hulisoma jalada upya. Mdai au mwakilishi wake anaweza kuomba mazungumzo naye kwa simu ili aoneshe kosa lilipo.

(c) Rufaa kwa Bodi. Mdai huchagua kama hakimu wa Bodi asome jalada lilivyo, au apokee ushahidi ndani ya siku 90, au amsikilize ana kwa ana au kwa njia ya video.

Akishindwa kwenye Bodi, ana siku 120 za kwenda kwenye mahakama iliyotajwa hapo juu.

Kuchagua njia kunategemea jibu la swali moja: je, ushahidi haupo, au upo na haukusomwa vizuri? Ikiwa haupo, mapitio ya afisa wa juu hayatasaidia kitu, kwa sababu atasoma karatasi zilezile. Ikiwa upo, hakuna haja ya kutafuta barua nyingine. Jambo la kushikilia ni tarehe. Mdai asiyeacha mwaka upite kati ya uamuzi na hatua inayofuata huilinda tarehe ya dai lake la kwanza, na akishinda hulipwa malimbikizo tangu hapo. Anayechelewa bado anaweza kuleta dai la nyongeza, lakini kwa kawaida malipo huanzia siku aliyorudi. Kuwasilisha dai na rufaa kwa Idara hakulipiwi, na vyama vya askari wastaafu vilivyoidhinishwa huwasaidia wadai bila ada.

9. MAKOSA YANAYORUDISHA JALADA

Hukumu za miaka iliyopita zimeonesha makosa ambayo hurudiwa katika madai ya shingo na mgongo.

(i) Kutegemea ukimya wa karatasi. Mwaka 2007 Mahakama ilikataa maoni ya mchunguzi aliyepuuza maelezo ya mstaafu kwamba aliumia mgongo jeshini, akategemea tu kutokuwepo kwa maandishi.

(ii) Hitimisho bila sababu. Mwaka 2008 ilielezwa kwamba thamani ya maoni ya daktari imo katika hoja zake. Kusoma jalada zima hakumsaidii daktari asiyeeleza kwa nini anasema anachosema. Kuandika "ni uzee" bila ya kueleza kwa nini kuanguka kwa 1985 hakuhusiki ni kosa la aina hii.

(iii) Kupima siku njema. Mwaka 1995 Mahakama iliagiza kwamba upimaji uzingatie kupungua kwa uwezo kutokana na maumivu, udhaifu na uchovu. Mwaka 2017 ikaongeza kwamba mchunguzi hawezi kukwepa kukadiria hali ilivyo maradhi yanapochachamaa kwa kisingizio kwamba hakuyashuhudia. Anatakiwa kumuuliza mgonjwa na kukadiria.

(iv) Kupima kwa namna moja. Kwa hukumu ya mwaka 2016, kiungo chenye maumivu kipimwe mgonjwa akikijongeza mwenyewe na akijongezewa, kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakikubeba, pale inapowezekana.

10. MWISHO WA MFANO

Askari wa mfano alichagua dai la nyongeza mwezi Mei 2022, kabla ya mwaka kumalizika. Alileta barua ya mkewe, barua ya mwenzake wa kikosi, na maoni ya daktari wa mifupa yenye kurasa mbili. Daktari huyo alitaja sentensi ya zahanati ya 1985, akaeleza namna mshtuko wa kutua unavyobana visahani, akaeleza kwa nini uchakavu ulio katika pingili mbili tu haufanani na uchakavu wa umri, kisha akatoa maoni yake. Katika uchunguzi mpya aliinama nyuzi 65, lakini alieleza kwamba maradhi yanapochachamaa, mara tatu kwa mwezi, hawezi kushika magoti yake. Mchunguzi akakadiria nyuzi 30. Shingo ilifika nyuzi 30, na mguu mmoja ulikuwa na ganzi ndogo. Alipewa asilimia 40, 20 na 10, jumla 60, kuanzia Machi 2021.

Mwili wake ulikuwa uleule uliokataliwa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni jalada.

11. MAFUNZO NA MASWALI YA KUJIPIMA

Kwa mtumishi wa Serikali, mafunzo ni haya: ajali ya kazini iandikwe siku ileile hata ikionekana ndogo, jalada litunzwe kwa nakala zaidi ya moja, barua ya kukataa ieleze ushahidi upi umesomwa, upi haukuaminiwa na kwa nini, pamoja na njia na muda wa kukata rufaa. Kwa mwananchi: atunze karatasi zake, aseme ukweli wote kwa daktari ikiwa ni pamoja na hali ya siku mbaya, na asiiache tarehe ipite.

Maswali:

1. Taja nguzo tatu za dai. Ni ipi iliyokosekana katika uamuzi wa kwanza wa askari wa mfano?

2. Kwa nini mapitio ya afisa wa ngazi ya juu yasingempatia nafasi ya kutumia barua ya mkewe?

3. Mstaafu ana asilimia 30 za shingo na asilimia 20 za kiuno. Jumla yake kwa kanuni iliyoelezwa ni ngapi, na hupelekwa kwenye kumi ipi?

4. Andika upya, kwa sentensi zisizozidi tano, barua ya kukataa ya Agosti 2021 ili hata asiyekubaliana nayo aelewe sababu zake.